Kisu cha kuchunia: namna ya kuchagua kisicho ghali na kisichoharibu ngozi



Kila tunapopita kwenye vikundi vya wafugaji na wachinjaji pembeni ya Bunia, ulizo linalorudi ni moja: tununue kisu gani cha kuchunia? Wengine wanatuonyesha kisu cha jikoni walichopata sokoni, wengine panga la zamani lililokatwa likawa fupi, wengine kisu chenye mapambo ambacho ndugu alikileta kutoka Kampala. Tunajibu hapa mara moja kwa wote, juu pesa ya mwanachama haiko nyingi, na kisu kibaya kinaikula mara mbili: siku ya kukinunua, tena siku mnunuzi anapogeuza ngozi yenu upande wa nyama na kuanza kuhesabu mikato.

Hiyo ya pili ndiyo hasara kubwa. Katika soko la Afrika ya Mashariki ngozi zinapangwa kwa madaraja, kutoka la 1 mpaka la 4, na chini yake kuko zile zinazokataliwa kabisa. Mkato wa kisu unashusha daraja hata kama haukutoboa. Kule kiwandani ngozi inapunguzwa unene, na ule mkato mliouona mdogo unakuwa tundu, ao alama isiyofutika. Mwaka 1955 shirika la FAO lilitoa kitabu kizima juu ya kuchuna na kuhifadhi ngozi kama kazi ya vijijini. Vifaa vimebadilika tangu wakati ule, lakini shida ya mikato bado iko palepale.

Basi tuanze na umbo, kwa sababu umbo linapita jina la kiwanda na linapita bei. Kisu cha kuchunia ni kifupi na kipana kidogo. Kwa ng'ombe, ubao wa makali uwe na sentimita 13 mpaka 15. Kwa mbuzi na kondoo, 10 mpaka 12 zinatosha. Makali yake yamepinda kama tumbo, na ncha imeinuka kuelekea mgongoni. Ule mkunjo ndio unaofanya kazi: unapopitisha kisu, sehemu pana ya makali inatelezea ngozi, ncha haigusi kitu. Kisu cha jikoni kimenyooka na ncha yake imechongoka. Mkono ukichoka kidogo tu, ncha inaingia ndani ya ngozi kabla hujaona. Ncha kali ina kazi yake, ile ya kufungua mstari wa kwanza chini ya tumbo na kwenye miguu. Kwa hiyo kazi kisu kidogo cha bei ya chini kinatosha, na vikundi vingi vitafanya vizuri kuwa na vyote viwili.

Kisu kiwe kisichokunjwa. Kile cha kukunja ni kizuri mfukoni, lakini damu na mafuta vinaingia kwenye bawaba na havitoki, harufu inabaki, na kisipokuwa na kizuizi kinaweza kujifunga juu ya vidole vyako. Tena angalia kama chuma kinaingia mpaka mwisho wa mpini. Visu vingi vya sokoni vina mkia mfupi uliochomekwa ndani ya plastiki. Vinalegea, na siku moja unabaki na mpini mkononi wakati chuma kiko ndani ya ng'ombe. Ukiona ukingo wa chuma unapita mpini wote, na riveti mbili ao tatu zimekishika, hiyo ni alama nzuri.

Sasa chuma chenyewe. Kuko njia mbili za kukipata bila kutumia pesa nyingi.

Ya kwanza ni kununua kisu cha kazi cha wachinjaji kilichotengenezwa kiwandani. Tramontina ya Brazil, Victorinox ya Uswisi na wengine wanatengeneza visu vya kuchunia vyenye mpini wa plastiki ngumu, bila urembo, na chuma kisichoshika kutu haraka. Angalieni tu: jina linaigwa. Kama maandishi yamebandikwa kwa karatasi ao yanafutika kwa kidole, usilipe bei ya jina. Visu vya uwindaji vyenye meno mgongoni, ao kile kindoano cha kupasulia tumbo, tunavishauri mviache. Meno yale hayana kazi kwenye kuchuna, yanakamata ngozi tu, na unalipia.

Njia ya pili iko hapahapa kwetu: fundi wa vyuma na resori ya gari iliyovunjika. Chuma cha resori ni kizuri sana kwa kisu, lakini kazi ya fundi ndiyo inayoamua. Fundi akikifua tu na kukichonga bila kukipa ugumu, kitakuwa laini kama msumari na utanoa kila mbuzi. Akikizamisha kwenye maji baridi kikiwa chekundu na kuishia hapo, makali yatavunjika vipande. Mwambieni afanye hivi: akipashe moto mpaka sumaku isishike tena, akizamishe kwenye mafuta yaliyo vuguvugu, akisugue sehemu moja mpaka ing'are, kisha akipashe tena polepole mpaka ile sehemu ipate rangi ya majani makavu inayoelekea kahawia. Hapo kisu kina ugumu na hakikatiki ovyo.

Kabla ya kulipa, pitisha tupa kwenye makali. Tupa ikila chuma kwa urahisi, kirudishe motoni. Ikiteleza kama juu ya chupa, kirudishe vilevile. Inatakiwa ishike, lakini kwa shida. Fundi mzuri hatakasirika ukimjaribu namna hiyo. Anayekasirika, mshukuru na uende kwa mwingine.

Kisu cha resori kinashika kutu, na kwa mvua zetu ni haraka. Kikishaoshwa kifutwe kikauke, kipakwe mafuta ya kupikia kidogo, na kisilale ndani ya ala ya ngozi iliyolowa. Ala ya bomba la plastiki lililopashwa moto na kubanwa ni bora zaidi, juu inaoshwa. Mpini wa mti ufungwe vizuri bila nyufa. Mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki ukizungushwa unazuia mkono kuteleza, lakini mubadilishe mara kwa mara maana damu inajificha chini yake.

Kuhusu bei, msitazame tu franka za siku ile. Tuseme kikundi kinachinja ng'ombe wawili kwa juma, ni zaidi ya 100 kwa mwaka. Kisu cha dola 12 kikidumu mwaka mmoja, kila ng'ombe amekigharimu senti 12 hivi. Weka pembeni kiasi cha jiwe la kunolea, kwa sababu kisu butu ndicho kinachokata ngozi: unakisukuma kwa nguvu, kinaruka. Unaponoa, lalisha kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kiasi cha unene wa kidole kidogo, na ushike pembe hiyohiyo pande zote mbili. Tupa ni ya kurekebisha makali yaliyoharibika, si ya kila siku. Na kisu cha kuchunia kisipasue mfupa. Hiyo ni kazi ya shoka ao panga.

Hata kisu kizuri kitumike kidogo. Mbuzi na kondoo, ukishafungua mistari, ngumi inatosha kutenganisha ngozi na nyama. Kwa ng'ombe, ngumi ifanye kazi ubavuni, na kisu kisaidie pale iliposhikana, huku mwenzako anavuta ngozi ikaze.

Kuko mnyama ambaye kisu hakimgusi kabisa: aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu nyeusi isiyoganda puani ao nyuma. Inaweza kuwa kimeta (sharbo). Kumpasua kunaachia vijidudu hewani vinavyokaa udongoni miaka mingi, na mchunaji ndiye wa kwanza kuugua. Muiteni veterinere, msichune kwa ajili ya ngozi. Kwa siku za kawaida, kisu kiingie maji yanayochemka kati ya mnyama na mnyama. Javel inakula chuma.

Mwisho, njiani. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi wa 5, 2021, mtu mwenye kisu kiunoni anaweza kupata taabu kwenye bariere, hata akiwa anaenda kwenye kazi yake. Kisu kisivaliwe. Kiwe ndani ya ala, kimefungwa kwa kitambaa, chini ya mfuko pamoja na jiwe la kunolea na aproni, na kadi ya koperative iwe karibu. Ukiulizwa, sema mapema kwamba unacho kabla hawajakitafuta. Vikundi vyenye mahali pamoja pa kuchinjia vinaweza kufungia visu vyote kwenye sanduku palepale, funguo mbili, daftari la anayechukua na anayerudisha, na hakuna anayetembea nacho usiku.