Sura ya 6: Kabla ya Kutwanga Mwarobaini

Ukiuliza Musoma au Bunda namna ya kukinga bustani ya nyumbani bila dawa za dukani, jibu la haraka ni mwarobaini: twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza. Si jibu baya, ila limeanzia mwishoni. Linachukulia kuwa kazi yetu ni kubadilisha sumu tu, mtu abaki na bomba lile lile mgongoni. Bustani ndogo hulindwa kwanza kwa namna inavyopangwa na kukaguliwa. Cha kunyunyiza, hata kikiwa cha majani, huja baadaye, na mara nyingi hakihitajiki kabisa.

Wapo watakaosema dawa zilizosajiliwa ni salama ukifuata maelekezo ya lebo. Ni kweli, na shida iko hapo hapo. Lebo huagiza siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna. Mkulima anayevuna kabichi zote kwa mkupuo anaweza kusubiri. Bustani ya jikoni haivunwi hivyo. Leo unachumwa mchicha, keshokutwa sukuma wiki, kisha mnavu, vyote kutoka eneo la hatua chache. Siku za kusubiri utazipata wapi? Isitoshe, wadudu wenyewe huzizoea sumu. Nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa kabichi na sukuma wiki aliripotiwa kuishinda DDT huko Java tangu miaka ya 1950, na baadaye akashinda sumu nyingine nyingi. Adui wake hawana bahati hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha utafiti cha icipe, Nairobi, kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya viwavi hao, na baadaye akaachiwa Tanzania pia. Anayenyunyiza ovyo humuua mlinzi huyo na kumwachia nondo shamba.

Mtihani mkubwa zaidi ni kantangaze, nondo wa nyanya aliyetoka Amerika ya Kusini na kuripotiwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, ndiyo maana dawa ya kugusa tu haimpati, iwe ya kiwandani au ya majani. Lakini njia anayoichimba huonekana kama doa jeupe lenye uwazi, na penye miche ishirini ya nyanya, kuyachuma majani hayo kila asubuhi ni kazi ya dakika chache. Yachomwe au yafukiwe kwa kina. Ukiyatupa pembeni, kiwavi atamaliza kukua hapo hapo. Kuna kosa jingine la mpangilio: mnavu, nyanya chungu, biringanya na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, na kantangaze huishi humo pia. Anayeng'oa nyanya akapanda mnavu papo hapo amembadilishia mdudu chakula tu. Baada ya nyanya zifuate kunde au mchicha. Mtu atapinga kwamba jirani asiyejali atarudisha nondo kwa upepo mmoja. Watarudi, ndiyo, lakini wachache wanaokuja kila wiki hudhibitika kwa mkono. Wanaozaliana kwako ndio humaliza zao.

Vidukari navyo vina chanzo chake. Urea nyingi huchipusha majani laini yanayovivutia; samadi iliyooza vizuri hulisha mmea taratibu. Ukiona sisimizi wakipanda shina, wanafuata utomvu mtamu wa vidukari, na hufukuza wadudu wanaovila. Zuia sisimizi, kisha osha vidukari kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande.

Yote hayo yakishindikana ndipo mwarobaini unapopata nafasi yake, nao una masharti. Hauui papo hapo: kiwavi huacha kula na kushindwa kujivua ngozi, hivyo anayetafuta maiti kesho yake ataudharau bure. Jua huuharibu ndani ya siku chache, basi unyunyizwe jioni. Tumbaku, inayosifiwa mno, ningeiacha kabisa: nikotini hupenya ngozi ya mnyunyizaji, na majani makavu yanaweza kubeba virusi vya batobato na kuviambukiza nyanya. Utupa ni hatari zaidi kwa watu wa ziwani. Ni mmea ule ule uliotumiwa tangu zamani kulevya samaki, na kuvua kwa sumu ni kosa kisheria. Kuwa wa asili hakuupunguzii ukali. Anayeutumia Musoma au pwani ya Bunda asinyunyize karibu na maji, na ndoo yake asiioshee ziwani.