Karipio na Tusi katika Kazi ya Programu Huria

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika mtungaji, umeachwa wazi ili kila atakaye ausome, aubadili na kuwagawia wengine. Mojawapo iliyo mashuhuri ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini chake ndicho kiendeshacho simu za Android.

Mwenye kutaka kuchangia huandika badiliko lake, liitwalo kiraka, akalipeleka kwa mtunzaji wa sehemu ile. Naye hulisoma, akalikubali au akalirudisha pamoja na sababu zake. Barua hizo husomwa na wote. Basi karipio lo lote ni la hadharani, na mkaripiwa aghalabu yuko nchi ya mbali. Sauti haisikii, uso hauoni, ana maneno matupu mbele yake. Hapo ndipo jambo hili liwahusupo wataalamu wa lugha.

Desemba 2012 mtunzaji mmoja alidai kuwa programu za watumiaji, zilizoharibika baada ya kiini kubadilishwa, zilikuwa na kosa zenyewe. Torvalds alimjibu kwa matusi na kwa herufi kubwa. Kwa hoja alikuwa na haki: kanuni ya kazi ile ni kwamba badiliko la kiini lisivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi. Lakini barua ile ilichanganya mambo mawili ambayo Kiswahili huyapambanua kwa kiambishi kimoja tu: “kiraka hiki hakifai” na “wewe hufai”. Aliyeambiwa la kwanza aweza kuketi usiku ule akakishona upya. Aliyeambiwa la pili hana la kushona. Kitenzi “kukosoa” chenyewe kina umbo la kutendua: ni kulitoa kosa mahali lilipo, na mtu akabaki. “Kusuta” ni jambo jingine, nalo hutaka mashahidi. Pwani mtu husutwa mbele ya watu kwa uongo au fitina aliyoieneza. Kumsuta aliyekosea hesabu ni kumtendea kama mfitini.

Mwaka 2013 mmoja wa watunzaji alipinga hadharani mtindo huo. Torvalds alishikilia kwamba hawezi kujifanya mpole, na kuwa adabu ya kuigiza huficha ukweli. Hoja hii haifai kupuuzwa. Mchangiaji aliyejibiwa kwa maneno laini yasiyo na “hapana” ndani yake aweza kupoteza miezi akipamba kitu kisichokubalika. Hata hivyo ukweli wa hukumu hauongezeki kwa tusi. “Hapana, kwa sababu hii” yatosha, tena ni fupi. Nao walioondoka kimya hawakupata kuhesabiwa na mtu. Yule mpinzani mwenyewe alieleza mwaka 2015 kwamba ameiacha kazi ya kiini.

Machi 2015 iliwekwa kanuni fupi iliyomwonya mchangiaji kuwa kazi yake itachunguzwa kwa ukali, ikamwonyesha pa kupeleka shauri aliyetukanwa. Haikutosha. Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi, akakiri kuwa mashambulio yake juu ya nafsi za watu hayakustahili, na kwamba huenda yamewafukuza wengine kabisa. Alipumzika kwa muda ili asaidiwe kuzielewa hisia za watu. Kanuni ya zamani ikaondolewa, zikawekwa Kanuni za Maadili. Mwezi uliofuata alirudi.

Viraka vibovu viliendelea kukataliwa. Agosti 2025 alikataa fungu la mabadiliko ya wasindikaji wa aina ya RISC-V lililoletwa kwa kuchelewa, akaliita takataka. Neno ni kali, wala aliyelipeleka hakufurahi kulisoma. Ila safari hii msimbo ndio ulioitwa takataka.