Haya Isizuie Tiba

Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Hata hivyo, wako mama zetu visiwani wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi, nao hunyamaza kwa haya na kwa kuogopa kisu.

Uvimbe wa mji wa mimba, yaani fibroidi, aghalabu si saratani, wala si lazima kila uvimbe ukatwe. Mwingine huangaliwa tu. Mwingine hutulizwa kwa dawa. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha mashine inayouunguza uvimbe kwa mawimbi ya sauti, pasipo kupasua ngozi.

Mashine hiyo ni ghali, haiwezi kuwekwa kila kituo. Lakini ushauri waweza kuvuka bahari. Muuguzi wa Micheweni akipima wingi wa damu, na picha ya altrasaundi ikatumwa kwa daktari bingwa, mgonjwa atajua kama ana haja ya kulipa nauli ya meli. Na akisharejea, ataulizwa hali yake kwa simu. Ila aliyekoma hedhi kisha akaona damu asingoje simu: apelekwe hospitali.

Hivyo Serikali haina budi kupeleka vipimo na wauguzi waliofunzwa mashambani, na kuilinda siri ya kila mgonjwa.