UMEBADILI INJINI? TAFUTA MASEGA YANAYOLINGANA NAYO

Ukifika Nangara, hapa Babati, wakati wa mavuno, utaona pikapu na malori yamebeba magunia ya mahindi na mbaazi. Mengi ni magari ya siku nyingi. Injini ikichoka, mwenye gari halitupi gari lake. Hununua injini nyingine iliyotumika, fundi akaifunga. Gari linafufuka na kazi inaendelea.

Lakini kuna kitu ambacho wengi wetu tunakisahau. Kiko chini ya gari, kwenye bomba la moshi. Mafundi hukiita masega.

Tuseme una pikapu ya petroli. Injini imekufa. Umenunua injini ya dizeli ya lita 3, kwa kuwa unapanda mlima kwenda Mbulu na mizigo. Fundi amemaliza kuifunga. Sasa amelala chini ya gari, anakuita:

"Mzee, hili kopo la masega linabana pumzi ya gari. Nilikate tu, niweke bomba tupu."

"Kwani fundi, hilo kopo lina kazi gani?"

"Aa, halina kazi. Wajapani wameliweka tu."

Je, wewe utamjibu nini? Kabla hujajibu, soma kwanza.

MASEGA NI NINI?

Masega ni kopo la chuma lililofungwa kwenye bomba la moshi. Kwa nje linafanana na sailensa. Ndani yake mna vijitundu vingi sana, mfano wa sega la nyuki. Ndiyo maana yakaitwa masega. Sega hilo ni la udongo wa kauri, au la bati jembamba. Kuta zake zimepakwa madini ya thamani kubwa, kama platinamu, paladiamu na rodiamu.

Moshi wa gari una sumu. Sumu ya kwanza ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta, damu inashindwa kubeba oksijeni, na mtu anaweza kufa. Sumu ya pili ni mafuta ambayo hayakuungua. Ya tatu ni gesi za naitrojeni, ambazo zinaumiza mapafu.

Moshi unapopita kwenye masega yenye moto, yale madini huzisaidia sumu hizi kugeuka zikawa hewa zenye madhara madogo. Madini yenyewe hayaungui wala hayaishi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo masega yakitunzwa hudumu miaka mingi.

Magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi mwaka 1975. Kwetu Afrika yalichelewa. Petroli yetu ilitiwa risasi. Hapa hatusemi risasi ya bunduki, tunasema madini. Risasi hiyo iliharibu masega, na iliharibu pia akili za watoto walioivuta. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Tangu hapo masega yanaweza kufanya kazi kwetu kama yanavyofanya kazi Ulaya na Japani.

MASEGA HUFUATA INJINI

Hili ndilo jambo kubwa la kukumbuka. Masega hayafuati bodi ya gari. Hayafuati rangi wala jina lililoandikwa mbele. Yanafuata injini. Ukibadili injini, uliza maswali manne.

Swali la kwanza: Injini inatumia mafuta gani?

Masega ya petroli hupunguza sumu zote tatu tulizozitaja. Lakini yanataka petroli na hewa vichanganywe kwa kipimo: kilo 1 ya petroli kwa kilo 14 na nusu hivi za hewa. Injini ya dizeli haiendi hivyo. Yenyewe huvuta hewa nyingi kupita kiasi hicho. Kwa hiyo masega ya petroli yakifungwa kwenye dizeli hayawezi kuziondoa gesi za naitrojeni. Tena masizi ya dizeli yanaweza kuziba vijitundu vyake. Dizeli ina masega yake.

Dizeli pia ina adui wake, nayo ni salfa iliyomo kwenye mafuta. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki, pamoja na Tanzania, zilipunguza salfa kwenye dizeli hadi gramu 50 katika tani moja. Hiyo ni nafuu kubwa kwa masega ya dizeli. Basi nunua mafuta kwenye kituo, siyo ya madumu ya njiani usiyoyajua.

Swali la pili: Injini ni ya lita ngapi?

Injini kubwa hutoa moshi mwingi. Ukiipa masega madogo, ni kama kumziba mtu pua huku anapanda mlima. Gari litakosa nguvu, litachemka na litakula mafuta. Masega ya injini ya lita 2 usiyafunge kwenye injini ya lita 3. Bomba nalo lisiwe jembamba kuliko lile la injini hiyo ilipotoka kiwandani.

Swali la tatu: Je, injini ina sensa ya oksijeni?

Hili ni la injini za petroli. Sensa ni kama pua ya injini. Hukaa kwenye bomba, mbele ya masega. Hunusa moshi na kuiambia kompyuta ya gari iongeze au ipunguze petroli. Sensa ikiwa mbovu au imeachwa bila kufungwa, kipimo kinaharibika, na masega hayadumu.

Swali la nne: Yatakaa wapi?

Masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Yanahitaji joto la nyuzi 250 hadi 300 ndipo yaanze. Yakifungwa nyuma sana, moshi utafika umeshapoa. Yafungwe mahali yalipokuwa kwenye gari ilikotoka injini hiyo, au karibu na hapo. Kama kopo lina mshale, mshale uelekee nyuma ya gari, moshi unakokwenda.

Njia rahisi kuliko zote ni hii: siku ya kununua injini, mwambie muuzaji akupe na masega yake, sensa yake na kipande cha bomba. Vitu hivyo vilitengenezwa pamoja. Ukivinunua baadaye kimoja kimoja utahangaika.

BASI, TUMJIBU FUNDI

Turudi kwa yule fundi wetu. Amepatia nusu na amekosea nusu. Ni kweli masega ya petroli hayafai kwenye injini yako ya dizeli. Yatolewe. Lakini si kweli kwamba hayana kazi. Muulize: "Injini hii ya dizeli ilitoka kiwandani na masega?" Kama ilikuwa nayo, yatafutwe ya namna hiyo.

Injini nyingi za dizeli za zamani zilitoka kiwandani bila masega. Kama yako ni mojawapo, fundi aweke bomba zima na sailensa. Halafu wewe tunza nozeli, pampu na chujio la hewa. Moshi mweusi mzito ni dalili kwamba mafuta hayaungui vizuri. Hapo unapoteza fedha, na mtoto wa jirani anavuta masizi.

Jambo jingine: masega yaliyotolewa ni mali yako. Yale madini yana bei, na wako watu wanaoyanunua. Fundi akishayakata, mwambie akukabidhi mkononi. Wapo waliopeleka gari kwa matengenezo mengine kabisa, likarudi na bomba tupu. Kabla ya kuacha gari gereji, chungulia chini. Ukilichukua, chungulia tena.

YANAKUFAJE?

Plagi mbovu hupitisha petroli mbichi. Petroli hiyo huungulia ndani ya masega, sega likayeyuka. Injini inayokula oili nayo huyapaka uchafu. Kwa hiyo tengeneza injini kwanza, ndipo ufunge masega mazuri. Ukifanya kinyume, utanunua tena.

Gari likikosa nguvu mlimani, zima injini na uache bomba lipoe. Kisha gonga kopo kwa mkono. Likilia kama debe lenye changarawe, sega limevunjika.

TAHADHARI

1. Masega hupata moto mkali. Usiegeshe gari juu ya nyasi kavu au mabua ya mahindi. Shamba linaweza kuungua, na gari pia.

2. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kama masega ni mazima. Asubuhi yakiwa baridi, sumu inapita yote.

3. Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini mpya ina namba nyingine. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) na hati ya kununulia injini ili kadi irekebishwe.

Ndugu msomaji, gari ni chombo cha kutuletea maendeleo. Lisitubebee gunia kwa mkono mmoja na kututilia sumu kwa mkono wa pili. Fundi akikuambia "halina kazi", muulize maswali manne.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini masega ya petroli hayafai kwenye injini ya dizeli?
2. Taja vitu vitatu vya kudai pamoja na injini unapoinunua.
3. Katika kijiji chenu, magari huegeshwa wapi wakati wa kiangazi? Je, hapo pana nyasi kavu?