Mfumo Umekabidhiwa, Nani Anautunza?

Katika zahanati za pwani ya Lindi, takwimu huanzia kwenye daftari. Muuguzi anamwandikisha mjamzito katika kitabu cha MTUHA, daftari rasmi la taarifa za huduma za afya: jina, umri, umri wa mimba, dawa alizopewa. Mwezi ukiisha anajumlisha, na hesabu zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ambao kufikia mwisho wa 2013 ulikuwa umeenea nchi nzima. Kwa kipimo cha mradi, kazi iliisha salama: mafunzo yalitolewa, mfumo ukaanza kutumika.

Lakini DHIS2, ambayo kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, haikuandikwa yote na watengenezaji wake. Ndani yake mna vifurushi vya programu vya watu wengine, kama Spring na Hibernate, na kila kifurushi kina vingine kinavyovitegemea. Unaomba kimoja, vinakuja kumi.

Desemba 2021 ulimwengu uliona maana yake. Log4j, kifurushi cha kutunza kumbukumbu za matukio ya programu, kilikutwa na ufa uliopewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Mshambuliaji alihitaji tu kutuma maneno fulani yaandikwe kwenye kumbukumbu, naye akapata njia ya kuiendesha seva atakavyo. Toleo la 2.15.0 lilitoka kuziba ufa, likaonekana halitoshi, ikafuata 2.16.0, kisha 2.17.0, mwezi huohuo. DHIS2 nayo ilikitumia kifurushi hicho, na watengenezaji wake wakatoa marekebisho. Ila kila nchi inaendesha seva zake, na marekebisho yaliyotolewa Oslo hayajisimiki yenyewe.

Hapo ndipo miradi mingi ya mifumo hukwama. Fedha ya kujenga hutoka kwenye fungu la maendeleo au kwa mfadhili, ina tarehe ya mwisho na ina picha ya makabidhiano. Kusasisha vifurushi ni matumizi ya kawaida: hakuna anayekata utepe kwa sababu Log4j 2.14.1 imekuwa 2.17.1. Wakazi wa Kilwa wanaujua mwendo huu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, na hadhi hiyo haikuzuia kuta kumomonyoka. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa 2014 baada ya miaka ya kuimarisha kuta na kukabiliana na mawimbi. Kuchelewa kulifanya matunzo ya kawaida yawe operesheni ya uokoaji.

Hata hivyo, kukimbilia kila toleo jipya nako kuna hatari yake. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, kifurushi cha kubana data, na waliokuwa wepesi kuyapokea ndio waliokuwa hatarini. Kwa hiyo viraka vya usalama vipewe kipaumbele, matoleo mengine yaende kwa ratiba, na yote yapite kwanza kwenye seva ya majaribio. Kwa kawaida tarakimu ya mwisho ya namba ya toleo ikibadilika ni marekebisho madogo; ya kwanza ikibadilika, jiandae kurekebisha msimbo wako pia.

Halafu kuna mtandao. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliacha barabara ya kusini imekatika eneo la Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huo kebo za baharini za EASSy na Seacom zikakatika pia. Fundi ambaye vifurushi vyake vyote viko kwenye seva za ng'ambo hana cha kufanya siku kama hizo. Nakala za vifurushi zilizohifadhiwa nchini humwokoa.

Halmashauri hupanga bajeti zake kila mwaka kupitia PlanRep, mfumo wa kuandaa mipango na bajeti, kabla Julai haijafika. Mahali pa kuanzia ni hapo: mkataba wa mfumo umtake mkandarasi akabidhi orodha ya vifurushi vyote na matoleo yake, na bajeti itaje saa za kazi za kuvisasisha, pamoja na ofisa anayewajibika. Kamati ya mapokezi ikikosa orodha hiyo mezani, isitie saini.