Mafuvu ya Wazee si Vielelezo

Katika milima ya Upare ilikuwa desturi fuvu la mzee kufukuliwa na kuwekwa pangoni au katika msitu wa ukoo, lipate kutambikiwa. Enzi za Wajerumani mafuvu mengi ya Afrika Mashariki yalipelekwa Berlin, yakaitwa vielelezo vya elimu. Septemba 2023, kwa vipimo vya vinasaba, makumbusho ya huko yaliwatambua jamaa walio hai wa watu 3 wa Uchagga.

Je, yaliyosalia mapangoni Same yana mlinzi gani? Msomaji wa kisiwani asiseme haya ni ya bara. Afisa anayekagua shehena bandarini huenda ni jirani yake. Tunaomba, kabla fuvu lolote halijarudishwa, wazee wa koo waulizwe litalazwa wapi.