Mfuga kuku aliyewalisha mawaziri

Hapa mjini mtu akikwambia anafuga kuku wa kisasa, unajua akili yake yote ipo kwenye chanjo na bei ya vifaranga. Wiki hii nakuletea mfuga kuku ambaye mawazo yake hayakuishia bandani. Yalitoka huko yakaingia mpaka ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza.

Jamaa aliitwa Antony Fisher, rubani wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 alisoma kwenye jarida la Reader's Digest muhtasari wa kitabu cha mchumi Friedrich Hayek, aliyeamini kuwa serikali ikishika uchumi wote, uhuru wa watu nao unakwenda na maji. Fisher akapagawa! Akamfuata profesa mwenyewe London, akamwambia anataka kuingia kwenye siasa. Hayek akamkatalia. Alimweleza kuwa wanasiasa hufuata maoni yaliyokwisha kuenea, hivyo bora awashike wale wanaoyaeneza, yaani wasomi, walimu na (hapa nilicheka) sisi waandishi.

Fisher akaingia kwenye kuku. Alikwenda Marekani akaona wanavyofugwa kwa maelfu, akaleta mtindo huo kwao, na kampuni yake ya Buxted ikamfanya tajiri. Mwaka 1955 akaanzisha Taasisi ya Masuala ya Uchumi, IEA. Wachumi Ralph Harris na Arthur Seldon ndio waliokuja kuiendesha, wakitoa vijitabu vya kutaka soko liachwe huru. Wakati huo reli na migodi ya makaa ilikuwa ya serikali, na wengi waliwaona kama vichekesho. Wao wakaendelea tu kuandika, miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1979 Margaret Thatcher akashika nchi, na mambo ya vijitabu yakageuka sera: mashirika ya umma yakaanza kupigwa bei.

Sasa njoo 2022. Septemba, Liz Truss, mtu wa karibu na IEA, anakuwa Waziri Mkuu. Tarehe 23 waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, anatangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45, bila hesabu za ofisi huru ya kukagua bajeti. Mkurugenzi wa IEA, Mark Littlewood, akashangilia. Taasisi nyingine, IFS, ambayo kazi yake ni kupiga hesabu za bajeti, ikasema kodi haijapunguzwa kiasi hicho tangu 1972 na deni litakuwa balaa.

Kasheshe likaanza. Tarehe 26 pauni ikaanguka mbele ya dola kuliko wakati wowote. Siku mbili baadaye Benki Kuu ikaingia sokoni kununua dhamana za serikali ili mifuko ya pensheni isizame. Vijana waliokuwa wanatafuta mkopo wa nyumba wakakuta riba ya miaka miwili imepita asilimia 6. Kwarteng akatimuliwa, na tarehe 20 Oktoba Truss naye akabwaga manyanga.

Mimi sina ugomvi na mtu kuuza fikra. Kinachonikereketa ni kwamba IEA haitangazi orodha ya wanaoichangia. Mtaalamu anakaa kwenye televisheni anaitwa mchambuzi huru, nawe mwenye kodi ya chumba unamwitikia, hujui nani kamnunulia kipaza sauti. Mwenye duka anayesifia sabuni yake angalau unamwona kasimama dukani kwake!

Truss alipoteza hata ubunge, Julai 2024, kwa kura 630. Ila usidhani jamaa walikwenda kulala. Februari mwaka huohuo yeye na Littlewood, ambaye alishaondoka IEA, walikuwa wamezindua kundi jipya la kueneza fikra zilezile.